Mbwa wa uani: Kubweka, kuchimba na kujilamba si ukaidi

KILA siku ya kazi, kabla jua halijapanda, malango ya nyumba nyingi za Kisasa, Ilazo, Nzuguni na Iyumbu jijini Dodoma hufunguliwa, gari au bodaboda hutoka, kisha lango hufungwa kwa kufuli. Baba na mama wamekwenda kazini, watoto wamekwenda shule. Nyuma ya nyumba, ndani ya kibanda cha mbao na wavu, amebaki mbwa.

Mpaka jioni mbwa huyo hatakuwa na mtu wa kumtazama wala kazi ya kufanya. Ataanza kwa kulala. Akiamka atazunguka kibandani akifuata njia ileile, mzunguko baada ya mzunguko. Atabweka hata jani la mwarobaini likianguka. Atautafuna mlango. Ataulamba mguu wake mmoja mpaka manyoya yanyonyoke. Wenye nyumba wakirejea hukuta uharibifu na malalamiko ya jirani, na dawa ya kwanza inayofikiriwa huwa ni fimbo. Ya pili ni mnyororo mfupi zaidi. Ya tatu, kwa bahati mbaya, huwa ni sumu.

Makala haya yanaeleza tabia hizo zinatokana na nini, zinatofautianaje na kichaa cha mbwa, na namna mwenye mbwa wa mjini anavyoweza kuzipunguza bila gharama kubwa. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba tabia hizi si ukaidi wala si uchuro. Ni dalili, na dalili haiponi kwa kupigwa.

Kutoka malishoni hadi kibandani

Mbwa si mgeni katika nyanda za kati. Kwa Wagogo, ambao ni wafugaji na pia wakulima wa mtama na uwele, mbwa alikuwa na kazi inayoeleweka. Mchana alifuatana na wachungaji na mifugo. Usiku alilala karibu na tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, akabweka fisi aliponyemelea zizi. Alitembea mwendo mrefu kwa siku, akanusa, akafukuza sungura, akakutana na mbwa wenzake. Hakuwa na nafasi ya kuchoshwa na upweke.

Mji umeyabadilisha maisha hayo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifikiwa mwaka 1973, lakini ulipata msukumo mkubwa Julai 2016, pale Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yake itahamia huko. Aprili 26, 2018 Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Viwanja vilipimwa, kuta zikajengwa, na kila ukuta mpya ukahitaji mlinzi.

Mlinzi huyo mara nyingi ni mbwa, na utaratibu uliozoeleka ni kumfungia mchana na kumfungulia usiku. Utaratibu huo una mantiki yake: wageni na watoto huwa salama mchana, na mwizi hupata wa kumkabili usiku. Isitoshe, mbwa mzima hutumia karibu nusu ya siku akiwa amelala. Tatizo ni saa zilizobaki. Mnyama aliyeumbwa kutembea, kunusa, kutafuna na kuishi na wenzake akinyimwa mambo hayo yote kwa pamoja, nguvu na akili yake hutafuta pa kutokea. Hapo ndipo tabia zinapozaliwa.

Makundi mawili ya tabia

Wataalamu wa mienendo ya wanyama hutenganisha tabia za mbwa aliyekosa la kufanya na tabia za mbwa mwenye hofu. Kwa mwenye nyumba zinaweza kufanana, kwani zote huacha godoro lililochanika na mashimo kwenye bustani, lakini tiba zake si moja.

Mbwa aliyekosa la kufanya huharibu kwa vipindi. Hulala, huamka, huchimba kidogo, hutafuna kandambili, hubweka mtu akipita, kisha hulala tena. Ukimpa kazi, tabia hupungua upesi.

Mbwa mwenye hofu huanza mara tu kinachomtisha kinapotokea. Iwapo hofu yake ni ya kuachwa peke yake, huhaha katika nusu saa ya kwanza baada ya lango kufungwa: hulia kwa mlio mrefu, hutokwa na mate, hukwaruza mlango au wavu mpaka kucha zitoke damu, na pengine hukataa hata nyama aliyoachiwa. Iwapo hofu yake ni ya radi au fataki, hutetemeka, hujificha chini ya gari au huruka ukuta na kupotea.

Njia rahisi ya kujua mbwa wako yuko kundi gani ni kuacha simu ikirekodi picha kwa saa moja baada ya wewe kuondoka. Watu wengi hushangaa wanapoona kwamba mbwa waliyemdhani mkorofi alikuwa akilia langoni.

Kundi la tatu hukua kutokana na hayo mawili. Hizi ni tabia za kujirudiarudia: kuzunguka mahali pamoja, kukimbiza mkia, kunyonya ubavu, kurukia nzi wasiokuwepo, au kulamba mguu wa mbele mpaka ngozi igeuke kidonda kigumu kisichopona. Anayewahi kumtazama simba wa kwenye bustani ya wanyama akienda na kurudi kando ya ua ameona jambo lilelile. Mwanzoni tendo hilo humpa mnyama nafuu kidogo. Baadaye huwa mazoea, na mazoea yana taabu: mbwa huendelea nalo hata pale sababu ya awali inapokuwa imeondoka.

Nasaba nayo ina sehemu yake. Kukimbiza mkia huonekana zaidi kwa Bull Terrier na German Shepherd, na kunyonya ubavu kwa Doberman. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba walikuwa wamepata sehemu ya chembechembe za urithi za Doberman inayohusiana na unyonyaji huo. Kwa hiyo anayenunua mbwa wa jamii hizo kwa ajili ya ulinzi ajue kwamba amenunua pia mnyama asiyestahimili kukaa bure.

Kuhusu mbwa anayelia usiku kwa mlio mrefu, wapo wanaoamini kwamba anatabiri msiba. Ukweli ni kwamba mlio huo ni wito. Mbwa hulia hivyo kuwaita wenzake au kuwajibu, na aliye mpweke hulia zaidi.

Kwanza ondoa ugonjwa

Kabla ya kuamua kwamba mbwa ana tabia mbaya, hakikisha kwamba haumwi. Mbwa anayejikuna na kujing'ata mkiani huenda ana viroboto, upele au kupe. Anayelamba kifundo kimoja tu huenda ana maumivu ya kiungo, mwiba au mzio. Anayekula udongo na vitambaa huenda ana minyoo au analishwa chakula duni. Mzee aliyeanza kubweka usiku bila sababu huenda macho au masikio yamepungua nguvu. Daktari wa mifugo ndiye wa kuyabaini hayo.

Hapa ni lazima kuonya kuhusu tiba za mitaani. Kumpaka mbwa oili chafu ya gari kwa ajili ya upele ni kumtia sumu, kwa sababu huipenyeza mwilini kupitia ngozi na huilamba. Kumwogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe bila kipimo cha daktari kunaweza kumuua. Vivyo hivyo, vidonge vya maumivu vya binadamu, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, huweza kumharibu tumbo na figo.

Je, ni kichaa cha mbwa?

Swali hili ni la kufa na kupona, na ndilo linalofanya mbwa wengi wenye wasiwasi tu kuuawa, na wachache wenye kichaa kweli kuachwa mpaka wameng'ata watu.

Tabia ya hofu au ya kukosa la kufanya hujengeka polepole, kwa wiki au miezi, na huwa na wakati na mahali pake. Mbwa huyo bado anakula, anakunywa, anamtambua bwana wake na akitolewa nje hubadilika. Kichaa cha mbwa huja kwa mabadiliko ya ghafla. Mbwa mpole huwa mkali, au mkali huwa mpole kupita kiasi. Hung'ata mawe, miti na hata hewa. Sauti yake hubadilika. Hushindwa kumeza na mate humtiririka. Hutangatanga, taya hulegea, hupooza, na kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze.

Ukiona mabadiliko ya ghafla ya namna hiyo usimguse mbwa, usijaribu kumfungua kinywa kwa kudhani amekwamwa na mfupa, mzuie mahali asipofikiwa na mtu, na toa taarifa mara moja kwa ofisa mifugo wa kata yako. Mtu aliyeng'atwa, au kukwaruzwa, au kulambwa penye kidonda, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Asisubiri kuona kama ataugua. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila mara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao barani Asia na Afrika, na takribani wote kutokana na kuumwa na mbwa.

Kinga ipo na ni rahisi. Mbwa huchanjwa anapofikisha miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na ni tarehe nzuri kwa familia kukumbuka kadi ya chanjo ya mbwa wao. Hakuna mafunzo ya tabia yanayopaswa kutangulia chanjo hiyo.

Fimbo haiponyi

Mwenye mbwa akirudi saa 12 jioni na kukuta bomba limetafunwa, humvuta mbwa mpaka penye bomba na kumchapa. Mbwa huinamisha kichwa na kufyata mkia, na bwana wake huamini kwamba amejua kosa. La hasha. Mbwa huunganisha adhabu na kile kinachotokea sekunde hiyohiyo. Aliyetafuna bomba saa 4 asubuhi na kuchapwa jioni hujifunza jambo moja tu: bwana akirudi, kipigo kinakuja. Kesho yake wasiwasi huanza mapema zaidi, na bomba la pili hutafunwa.

Wapo watakaosema kwamba fimbo imewafaa, kwani mbwa alinyamaza. Kunyamaza si kupona. Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier wa Marekani walichapisha majaribio, ambayo leo wengi wangeyaita ya kikatili, waliyowafanyia mbwa. Mbwa waliopigwa na umeme bila njia ya kuukwepa walifikia hatua ya kulala chini na kuvumilia, hata walipowekwa mahali ambapo wangeweza kuruka kizingiti kidogo na kuokoka. Walikuwa kimya kwa sababu walikuwa wamekata tamaa.

Mwaka 2020 watafiti nchini Ureno walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mbwa 92 waliokuwa wakifunzwa katika shule mbalimbali. Wale waliofunzwa kwa kukemewa, kuvutwa shingo na kuumizwa walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na homoni ya msongo ilipanda zaidi kwenye mate yao, kuliko waliofunzwa kwa zawadi.

Mfano wa zawadi hauhitaji kutafutwa ng'ambo. Mjini Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini na, baadaye, makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Panya hao hawachapwi. Husikia mlio mdogo wa kifaa, kisha hupewa kipande cha ndizi au chakula kingine. Ikiwa panya hufundishika kwa ndizi, mbwa aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka hashindwi kufundishika kwa kipande cha dagaa.

Mbwa wa hofu si mlinzi bora

Kuna imani kwamba mbwa akifungwa gizani tangu utotoni, akilishwa pilipili na kunyimwa watu, atakuwa mkali. Ni kweli atauma. Lakini atamuuma nani? Mbwa mwenye hofu hatofautishi mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Aidha, mbwa anayebweka usiku kucha kwa kila kitu hufikia mahali ambapo hasikilizwi tena, na siku mwizi anapokuja kweli, mwenye nyumba hujifunika shuka.

John Paul Scott na John Fuller, waliotafiti makuzi ya mbwa huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha kazi yao mwaka 1965, walionyesha kwamba kipindi cha kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 ya maisha ndicho mtoto wa mbwa anapozoea watu na mazingira kwa wepesi zaidi. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa aliyeshikwa na watoto kwa upole, akasikia pikipiki, akaona mwenye kofia na mwenye mwavuli, hukua akijua kilicho cha kawaida. Kwa hiyo kisicho cha kawaida, kama mtu anayeruka ukuta saa 8 usiku, hukitambua na kukipigia kelele.

Nini kifanyike

Hatua zifuatazo zinafaa kwa mbwa aliyekosa la kufanya, na humsaidia pia mwenye hofu.

Matembezi. Dakika 20 hadi 30 asubuhi kabla ya saa 1 na nyingine jioni hutosha kwa mbwa wengi wa nyumbani. Mfunge kamba imara na mwache anuse, kwa sababu kunusa huchosha akili yake kama vile kusoma kunavyochosha yetu. Dodoma jua likishapanda, lami na mchanga huwaka. Weka kiganja chako ardhini kwa sekunde 5. Ukishindwa kuvumilia, naye nyayo zake zitaungua.

Chakula cha kutafutwa. Badala ya kumwaga ugali na dagaa kwenye sufuria na kumalizwa kwa dakika 2, tawanya sehemu ya chakula kikavu katika lundo la mabua ya mtama au nyasi kavu, au kifungie ndani ya boksi la karatasi ngumu lisilo na pini wala gundi nyingi. Atashughulika nusu saa nzima. Mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe pia humfaa, ila usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika vipande vikali na kumtoboa utumbo.

Kwa wakazi wa mkoa huu kuna tahadhari mbili za pekee. Ya kwanza ni zabibu. Dodoma ndiyo nyumba ya zabibu nchini, lakini tunda hilo, bichi au lililokaushwa, linaweza kumharibu mbwa figo hata kwa kiasi kidogo. Ya pili ni mahindi na karanga zilizoota ukungu. Sumukuvu iliyosababisha vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 huua mbwa pia, kwa hiyo nafaka isiyofaa kwa watu haifai kwa mbwa.

Mahali pa kuchimba. Mbwa anayechimba bustani hatakoma kwa kukatazwa, kwa sababu kuchimba kumo katika maumbile yake na, kwenye joto, shimo humpa ubaridi. Mpe kona yenye kivuli na mchanga uliotiwa maji kidogo, zika humo kipande cha mfupa, na msifu anapochimba hapo.

Kibanda. Kiwe kipana kiasi cha mbwa kutembea, kusimama na kujinyoosha. Kiwe na kivuli mchana kutwa, maji safi yasiyomwagika kirahisi, na kielekee mahali anapoona lango au watu. Kibanda kilichogeuzwa ukutani ni gereza. Pale inapowezekana, tenga sehemu ya ua kwa wavu ili mbwa awe na nafasi ya kuzunguka hata mchana.

Dakika 5 za mafunzo. Mara 2 kwa siku mfundishe kukaa, kulala na kuja akiitwa. Akitii, mpe kitu kidogo papo hapo. Ili apunguze kubweka, subiri anyamaze japo kwa sekunde 3, kisha mpe zawadi. Ukimfokea akiwa anabweka, kwake yeye nawe umejiunga kubweka.

Ni vyema kujua pia kwamba tabia iliyokuwa ikimpatia mbwa faida huongezeka kwa siku chache unapoacha kuijibu, kabla haijapungua. Aliyezoea kufunguliwa kwa kukwaruza mlango atakwaruza kwa nguvu zaidi wiki ya kwanza. Wengi hukata tamaa hapo na kumfungulia, na hivyo humfundisha kwamba njia ni kuongeza bidii.

Mbwa asiyestahimili kuachwa

Kwa mbwa mwenye hofu ya kubaki peke yake, ufunguo ni kumzoesha kidogo kidogo. Anza na zile ishara anazozijua. Chukua funguo za gari, kisha keti. Vaa viatu vya kazini, kisha endelea kupika. Rudia mpaka aache kuhaha. Halafu toka nje kwa sekunde 10 na urudi bila makeke. Nenda dakika 1, kisha 5, kisha 15, kila mara ukirudi kabla hajaanza kulia. Kumkumbatia na kumuaga kwa huzuni asubuhi, au kumshangilia mno jioni, huongeza uzito wa jambo lenyewe.

Kazi hii huchukua wiki kadhaa na haifai kuanzwa Jumatatu. Wengine huianza wakati wa likizo. Katika kipindi hicho, kama kuna bibi, dada wa kazi au jirani anayeweza kupita mchana, mwombe afanye hivyo. Kuleta mbwa wa pili si suluhisho la hakika, kwa kuwa mbwa wengi wenye hofu hii humkosa binadamu, si mbwa mwenzao.

Radi na fataki

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na nyingi huja na radi. Katikati ya msimu huo huangukia pia fataki za mkesha wa Mwaka Mpya. Baada ya miezi mingi ya ukimya wa kiangazi, mbwa hukutana na ngurumo ghafla.

Andaa mapema. Mbwa apewe pa kujificha penye kuta nene na giza kidogo, kama stoo au gereji. Redio iwashwe kwa sauti ya wastani. Lango likaguliwe, kwa sababu mbwa aliyetaharuki huruka kuta ambazo hajawahi kuziruka. Usimfunge mnyororo mrefu karibu na ukuta, asije akaruka na kujinyonga. Kumtuliza kwa sauti ya upole hakumharibu. Hofu si hila, na hailelewi kwa kubembelezwa. Miezi ya kiangazi itumike kumzoesha: chezesha sauti ya radi kwenye simu kwa kiwango cha chini sana huku akila, kisha pandisha kidogo kidogo kwa siku nyingi.

Lini umwone daktari

Mbwa anayejijeruhi, anayekataa chakula, anayemuuma mtu, au ambaye tabia yake haijapungua baada ya wiki 6 za utaratibu mzuri, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Dawa zipo. Marekani iliidhinisha klomipramini mwaka 1998 na fluoksetini mwaka 2007 kwa ajili ya mbwa wenye hofu ya kuachwa. Hata hivyo, dawa hizo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, hutolewa pamoja na mafunzo, na kipimo chake si cha binadamu. Kumpa mbwa vidonge vya usingizi vya bibi ni hatari.

Mwenye mbwa akumbuke pia kwamba utunzaji si hisani pekee. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama na inamtaka anayemmiliki mnyama amtunze ipasavyo. Misingi ya ustawi inayotambuliwa kimataifa ni 5: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu au maradhi, apate nafasi ya kufanya yaliyo ya maumbile yake, na asiishi kwa hofu. Wafugaji wengi wa mjini hujitahidi katika mitatu ya kwanza. Miwili ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayozaa kelele zinazomkosesha jirani usingizi.

Tabia ya miaka 3 haitaondoka kwa siku 3. Andika kwenye daftari mbwa amebweka saa ngapi, amechimba wapi, nani hakuwapo nyumbani. Baada ya wiki 2 utaona mpangilio, na mpangilio utakuonyesha sababu. Mbwa wengine watabaki na mabaki ya tabia maisha yao yote. Mafanikio ni pale kidonda cha mguuni kinapopona, jirani anapoacha kulalamika, na mtoto anapoweza kupita karibu na kibanda bila hofu.

Mwenye nyumba anayeamka saa 11 alfajiri ili awahi Mtumba anaweza kuona kwamba hana muda wa hayo yote. Basi aanze na dakika 20 tu kabla ya lango kufungwa: kamba, njia ya vumbi nyuma ya nyumba, na mbwa anayenusa. Kisha amwachie mfupa na kivuli, na jioni, kabla ya kumuuliza nani kaharibu, aangalie kwanza kama bakuli la maji lilikuwa na kitu.